Jina Chini ya Tangazo

Wasikilizaji wapendwa wa hapa mjini kwetu Ruse, leo tunamkumbuka Ognyan Stratiev, mwandishi na mwalimu. Amefariki akiwa na miaka themanini na miwili.

Mimi mtangazaji wenu zamani nilikuwa fundi bomba. Yeye ndiye aliyenifundisha fasihi shule ya jioni, na cheti changu bado kiko ukutani. Aliandika riwaya moja tu. Mnaijua. Mwanamume anampenda Zaharina, kisha anajinyima penzi hilo mpaka anazeeka. Siku moja darasani nilimuuliza, "Mwalimu, kwa nini huyu bwana hamfuati Zaharina? Ningekuwa mimi ningemfuata." Akasema, "Wewe fundi una moyo. Kaa chini."

Zaharina hakuwepo, wasikilizaji. Aliyekuwepo ni mwanamume, Zahari Belchev, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Nedyalka, dada yake Ognyan, aliusoma mswada wa kwanza. Anasema: "Nikamwambia, kaka, huyu si Zahari wetu? Akanijibu kwa jina langu la nyumbani, 'Nedke, nyamaza. Unataka nikafungwe?'"

Miaka ile watu walifungwa kwa hilo. Basi akaandika upya, Zahari akawa Zaharina. Na aliyekipanga kitabu kile, herufi moja moja za madini ya risasi, ni Zahari mwenyewe.

"Alikuja kwetu vidole vyeusi kwa wino," anasema Nedyalka. "Akamwambia kaka, 'Gauni ulilonivalisha ni zuri. Linanibana kwapani tu.' Hakurudi tena."

Zahari alifariki mwaka 1988, bila ndugu. Mnajua desturi yetu: kila mwaka tunabandika tangazo la marehemu mlangoni, na chini tunaandika majina ya wafiwa. Kila Machi, kwenye mlango wa Zahari, lilionekana tangazo lenye picha na jina lake. Chini, penye wafiwa, patupu. Miaka thelathini na mitatu, patupu. Aliyelibandika ni Ognyan.

Machi mwaka huu aliandika jina lake mwenyewe pale chini. Akabandika asubuhi. Mchana akarudi kulitazama, halipo.

"Alikuja kwangu amepauka," anasema Nedyalka. "Akasema, 'Nedke, hata nusu siku hawakuniachia.' Nikamwambia, ni majirani hao, achana nao."

Hawakuwa majirani. Ni Nedyalka aliyelibandua, kwa aibu. Alikusudia kumwambia. Wiki tatu baadaye kaka yake akafa.

Nedyalka amelileta tangazo hilo hapa studio, limekunjwa mara nne. Ameniomba nilisome, nami nalisoma. Zahari Belchev, mpanga herufi. Mfiwa: Ognyan Stratiev.

Pole sana, Nedyalka. Nasi wengine, kabla ya kuzima redio, tujiulize ni jina la nani tulilolibandua mlangoni, tukasema ni majirani.