Mama Tunu na Jiko Lisilo na Makelele

Mama Tunu Adinani anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuipikia shule yetu kwa miaka ishirini na saba. Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu: nimewahi kumwona akiogopa. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuliandika.

Alizaliwa Tura, na usichanani aliwauzia abiria wa treni wali na kuku pale stesheni. Alipoajiriwa hapa Tabora aliwakuta wanafunzi wakipigania ukoko. Akaupangia zamu, bweni kwa bweni, na ugomvi ukaisha. Mpaka leo bweni lenye zamu ya ukoko hutembea kwa maringo.

Jikoni kwake, ambako sisi wanafunzi husaidia kwa zamu, hakuna anayepaza sauti. Sufuria ya uji wa moto ikitaka kupita, hugongwa kifuniko kwa upawa mara mbili, na kila mtu husogea.

Mwaka huu ikaja tamthilia ya runinga, *Jiko la Sabiri*. Sabiri ni mpishi mkuu wa mgahawa, naye huwafokea wasaidizi wake mpaka walie. Magazeti yaliisifu sana. Mhakiki mmoja aliandika kwamba hofu ile ndiyo chumvi ya tamthilia. Klabu yetu ya uhakiki nayo iliipa nyota tano, na mwenyekiti wetu, Recheli, akawa anamwigiza Sabiri hata kwenye foleni ya maharage: "We kilaza, sogea! Umebeba sahani au umebeba mtoto?" Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Jumamosi moja Mama Tunu alikuja kuitazama nasi bwaloni. Sabiri alipoanza kufoka, mama alinyanyuka akatoka. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea ukuta, amekumbatia mkono mmoja.

"Shikamoo, mama. Nikuitie matroni?"

"Marahaba. Acha tu, mwanangu." Akapandisha mkono wa gauni, nikaona kovu refu. "Bosi wangu wa kwanza alinifokea hivyohivyo. Nikashtuka, na karai la mafuta ninalo mkononi. Sasa naogopa nikiondoka mtaanza kufokeana mle jikoni."

Tangu siku ile hofu yake ikawa yangu. Niliandika uhakiki mwingine, kwamba waigizaji ni hodari, lakini katika tamthilia nzima watu wanafokewa wakiwa wamebeba mafuta ya moto na hakuna hata mmoja anayeungua. Nikauficha chini ya godoro. Niliogopa kuchekwa.

Asante, Mama Tunu, kwa uji, kwa ukoko na kwa utulivu. Huko Kanyenye unakohamia, tunakuombea upikiwe na wengine, nawe uketi unywe chai yako taratibu.

Jana asubuhi niliubandika uhakiki ule kwenye ubao wa klabu, kisha nikaenda zamu ya jikoni. Tulipoinua sufuria, Recheli alikuwa amesimama mlangoni. Nikagonga kifuniko mara mbili.

Alisogea.