Kilemba cha Ukoka kwa Odessa Tillery

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kuanzia. Nina jina tu: Odessa Tillery. Mbunge wetu katika bunge la jimbo, Odessa Tillery, amefariki. Moyo ulisimama Jumanne. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Wengi mlimjua kwa karatasi zake za kijani. Taarifa kwa wananchi, kila mwezi, ukurasa mmoja. Wabunge wengine hututumia picha zao wakikata utepe. Odessa aliandika: "Umejifungua, kichwa kinagonga, macho yanaona nyota? Usisubiri Jumatatu. Nenda hospitali leo." Aliandika: "Wiki ya tatu unalia na hujui unalilia nini? Hujarogwa, wala hujamkosea Mungu. Unaumwa, na dawa ipo. Nipigie." Na chini aliweka namba ya simu ya nyumbani kwake.

Alizibandika mwenyewe pale kwenye mashine za kufulia za kulipia, Barabara ya Pecan. Siku moja nilimkuta akibishana na shemasi wetu, mzee Lucius.

"Dada Odessa, mambo ya matiti na maziwa unayabandika wanaume tunapofulia soksi?"

"Shemasi, kwani wewe ulizaliwa kwenye gunia la pamba?"

Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akachukua karatasi mbili za wajukuu zake.

Sasa sikilizeni vizuri. Odessa alikuwa na mswada mmoja. Mswada mmoja, miaka saba. Ulitaka muuguzi amfuate mama nyumbani mwaka mzima baada ya kujifungua, amwangalie mwili na akili. Basi, hayo tu. Miaka saba aliupeleka kwenye kamati ya afya. Miaka saba mwenyekiti, Mheshimiwa Royce Haverty, hakuuita upigiwe kura. Hawakuukataa. Kuukataa kungetaka wanyooshe mikono tukawaona. Waliukalia tu.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Alhamisi, siku mbili baada ya kifo, bunge hilohilo lilipitisha azimio la kumsifu. Mnayajua maazimio yetu: karatasi nene, muhuri wa dhahabu, "Kwa kuwa" hii na "Kwa kuwa" ile. Wote walisimama. Hakuna aliyepinga. Walimaliza kwa dakika nne. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa akina mama. Kwa kuwa alikuwa sauti ya wanyonge. "Kwa kuwa" kumi na mbili, na mswada wake haukutajwa hata mara moja. Nimelisoma lote. Hicho ni kilemba cha ukoka, na waliyemvika hawezi hata kukivua. Ofisi ya Haverty imeniomba nilisome hewani. Sitalisoma.

Jumamosi, baada ya maziko, Haverty alikuja nalo ukumbini kanisani, akiwa na mpiga picha wake. Watu walikuwa wanakula kambare na mboga. Mama yake Odessa, Bi. Earlene, ana miaka themanini na moja. Alilipokea, akasema asante, maana ndivyo alivyolelewa. Kisha akauliza:

"Mwanangu, mswada wa binti yangu uliusoma?"

"Mama, leo si siku ya siasa. Leo tunamuenzi."

"Sijakuuliza habari ya siku. Nimekuuliza uliusoma?"

Bi. Earlene akaligeuza azimio, upande usio na maandishi, akamnyooshea kalamu.

"Andika hapa: nitauita mswada. Weka na sahihi yako."

"Mama, hii ni karatasi ya bunge, haiandikwi hivyo."

"Nyie mmeijaza mbele yote. Mimi naomba mstari mmoja tu nyuma."

Haverty akasema ana safari ndefu, akaondoka. Bi. Earlene akaita, "Lucius, mkimbilie umpe karatasi yake. Asije akaisahau."

Tunampa pole Bi. Earlene na ukoo wote wa Tillery. Pole pia kwenu akina mama mliompigia Odessa mkilia, naye akawasikiliza. Kila mmoja wetu ajiulize: katika mtaa wangu nani kajifungua mwaka huu, na nani kabisha hodi kwake?

Bunge linafunga kikao Ijumaa ijayo. Mswada bado uko mezani kwa Haverty. Ombi la familia ni hili: maua msilete. Mpigieni Haverty, mmuulize kama ameusoma. Akikata, pigeni tena.