Shangazi Aligundua Nini

Benchi lililo mkabala na lango la nyuma la chuo lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayekaa pembeni hupanda na kushuka kila mwenzake anapopandisha mori. Asubuhi hiyo pembeni alikaa Breki, dereva mstaafu. Kando yake alikaa Kamusi, aliyekuwa msahihishaji wa gazeti. Mbele yao, kasimama kama yuko jukwaani, alikuwa Hoja, binti wa klabu ya mdahalo. Saa nne alikuwa na mkutano. Idara ilitaka kumnyang'anya shangazi yake maabara aliyochunguzia vinasaba vya bakteria tangu Hoja hajazaliwa, eti siku hizi wanasayansi wenzake hawamnukuu sana. Mama Birika, mwenye kahawa, alimwambia ajaribie hotuba yake kijiweni kwanza.

— Makala zake zimenukuliwa mara elfu sita na ushei! — alisema Hoja. — Idara nzima ikijikusanya haifiki hapo. Lakini wao wanahesabu miaka mitano ya mwisho tu. Hiyo ni haki?

— Punguza sauti, mwanangu. Sisi si idara, — alisema Mama Birika.

— Kunukuliwa ndiyo kufanywaje? — aliuliza Breki.

— Mwenzako akiandika makala yake, anasema: jambo hili nimelitoa kwa fulani.

— Aa, kumbe kutajwa tu! Mimi pale stendi nilitajwa na kila mtu.

— Ulitajwa kituo cha polisi, — alisema Kamusi.

Benchi likatikisika kwa kicheko, Breki akapanda akashuka.

— Nisikilizeni mimi niliyekesha na maandishi ya watu, — aliendelea Kamusi. — Wale wana ushirika wao. Nitaje leo, nikutaje kesho. Shangazi yako hahudhurii harusi zao, basi wamemfuta.

— Una ushahidi, mzee wangu?

— Ushahidi wa nini tena, na wamekwisha mfuta?

— Acha zako, — alidakia Breki. — Hesabu imeshuka kwa sababu wadudu wenyewe kawamaliza. Kazi imekwisha, nani amtaje?

— Bakteria hawamaliziki, mzee Breki. Wanapeana vinasaba kama majirani wanavyopeana chumvi.

— Si ndiyo nasema! Wamepeana na habari. Wakaambiana: yule mama anatujua ukoo mzima, tuhameni. Wakahamia maabara ya jirani, na wenye kutaja wakawafuata huko huko.

— Basi jirani kawarubuni kwa sukari, — alisema Kamusi.

— Kwa sukari hata mimi ningehama, — alisema Mama Birika.

Hoja alijikuta anacheka, akajikasirikia. Watu wanacheza na jasho la shangazi yake!

Hapo akafika mwanamume mwenye mkoba wa zana. Akasalimia, akaomba kahawa.

— Samahani, maabara ya vinasaba iko ghorofa gani? Nimetumwa kubadilisha kitasa.

Hoja akamgeukia.

— Mkutano haujafanyika! — Hoja alipaza sauti. — Wameamua kabla ya kutusikiliza?

— Hayo siyajui, dada. Mimi natumwa kitasa tu. — Fundi alipuliza kahawa yake. — Huyo mwenye maabara, kwani aligundua nini?

Hoja akafungua mdomo. Elfu sita na ushei zikamjia ulimini, akazimeza. Alijua shangazi kanukuliwa wapi na mwaka gani hesabu ilipanda. Alijua vyakula vya shangazi vilivyopoa mezani kwa sababu bakteria "hawajakua bado". Walikuwa wakikuzwa ili waonyeshe nini, hakuwahi kuuliza. Akamtazama Kamusi, Kamusi akamtazama Breki.

— Kitu cha wadudu, — alisema Breki kwa upole.

Hoja akaweka kikombe chini.

— Kaka, naomba usipande kwanza. Nakwenda kumwuliza.

— Atakuwa amefika saa hizi?

— Yuko juu tangu alfajiri. Siku zote yuko.

— Sawa, lakini nikimaliza kahawa hii naanza kazi, dada.

Hoja alikuwa amekwisha vuka barabara, viatu mkononi. Fundi akatazama kikombe chake, kimebaki nusu. Mama Birika akainamisha birika, akammiminia kahawa yote iliyobaki hadi kikombe kikajaa pomoni.

— Ya moto hiyo, baba, — alimwambia. — Usiiharakishe.