Orest Hnatyshak, Mtu wa Katikati wa Bukini wa Fort Carrick

Padri Volodymyr, wafiwa wa ukoo wa Hnatyshak na wa Tollefson, wachezaji wa zamani na wa sasa, na ninyi nyote mliosimama huko nyuma kwa kuwa mabenchi yamejaa, familia imenituma mimi, Raymond Desjarlais, mkwe wa marehemu, niwasomee safari ya maisha ya baba yetu, naye aliwahi kuniambia nisiirefushe, kwa hiyo mkiona narefusha, lawama ni zangu.

Marehemu Orest Mykola Hnatyshak alizaliwa tarehe 11 Machi 1936, katika shamba la wazazi wake kaskazini mwa mji huu wa Fort Carrick, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mykola na Paraska Hnatyshak, katika miaka ile ya ukame ambayo upepo uliondoka na udongo wa juu na ng'ombe wakalishwa magugu, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto alikuja mkubwa kiasi kwamba mkunga aliuliza kama alikuwa ameanza kula mkate humo humo tumboni.

Wakati anazaliwa, timu ya Bukini ilikuwa tayari na miaka ishirini na minne, maana iliundwa mwaka 1912 na mafundi wa reli pamoja na wakulima wageni waliokuwa wakikutana Jumamosi nyuma ya karakana, ikapewa jina la bata bukini wanaopita juu ya uwanja kila vuli wakielekea kusini, na tangu siku hiyo haikuwa na tajiri mwenye nayo, ilikuwa mali ya wanachama, kila mwenye kadi na kura moja, awe meneja wa benki au mfuga nguruwe. Katika ukame ule wachezaji walifanya mazoezi na njaa, kisha ikaja vita, timu ikafungwa mwaka 1942 kwa sababu wachezaji walikuwa Ulaya wamevaa sare nyingine, na ilipofunguliwa tena mwaka 1946 ikiwa timu ya kulipwa, jezi za wanne ambao hawakurudi zilibaki kwenye misumari yake katika chumba cha kuvalia, hakuna aliyezigusa.

Marehemu alianza masomo mwaka 1942 katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba lao, ambako ndiko alikojifunza Kiingereza, kwani nyumbani kilisemwa Kiukraini peke yake, na mwaka 1950 akaingia sekondari hapa mjini, akipanga kwa shangazi yake. Huko mwalimu wa michezo, Bwana Haldane, alimkuta siku moja ya masika akilisukuma peke yake lori la maziwa lililokwama kwenye tope, akasubiri hadi lori likatoka.

"Unacheza mpira?" akamuuliza.

"Upi?"

"Huu wetu, wa kubebwa mikononi."

"Hapana."

"Kesho unaanza."

Akaanza kesho yake, akapewa nafasi ya katikati ya mstari, kazi ambayo watazamaji wengi hawaioni, ya kuinama juu ya mpira na kuurudisha nyuma kwa kuupitisha katikati ya miguu bila kutazama, kisha kuinuka na kumzuia mtu mzito anayekuja mbio kukupita, na alipomaliza shule mwaka 1954 hakuna aliyekumbuka nani alicheza pale kabla yake.

Aliajiriwa na karakana ya reli mwezi Septemba 1954 kama fundi wa magurudumu, na mwaka 1956 Bukini wakamsajili, akawa anafanya kazi hadi saa tisa alasiri na mazoezi baada ya hapo, kama walivyoishi wachezaji wengi wa wakati huo, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi hata mpiga teke wetu, Clayton Beddoes, mtu wa milimani kutoka magharibi, akawa analalamika kwamba kila mpira anaoupokea unanuka treni.

Tarehe 4 Julai 1959 marehemu alifunga ndoa na Verna Tollefson, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kinorwe na Mlutheri, jambo ambalo pande zote mbili zililipokea kwa adabu na kwa nyuso ndefu, mpaka siku ya harusi mama wa bwana harusi alipoonja mkate mwembamba wa viazi wa akina Tollefson, na mama wa bibi harusi akaonja maandazi ya viazi na jibini ya akina Hnatyshak, wakagundua kwamba wote wawili wamezeeka wakikanda viazi, na kuanzia hapo walipikiana hadi kufa kwao. Mungu aliwajalia Orest na Verna watoto watatu, Halyna aliyezaliwa mwaka 1961, Leif aliyezaliwa mwaka 1964, na Ingrid, mke wangu, aliyezaliwa mwaka 1967.

Sasa nafika mahali ambapo kila mtu humu anapajua, na marehemu aliagiza pasirukwe.

Siku ya Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1963, Bukini walicheza fainali ya kombe la taifa kwa mara ya kwanza katika historia yao, ugenini, katika upepo wenye barafu, na dakika ya mwisho ilipoingia tulikuwa tunaongoza kumi na tatu kwa kumi na mbili, tumebanwa karibu na mstari wetu wenyewe, hatuna la kufanya ila kuupiga mpira mbali na kusubiri filimbi. Marehemu aliinama, akaurudisha mpira kama alivyourudisha maelfu ya mara, nao ukamponyoka ukiwa na barafu, ukapita juu ya mikono ya Beddoes, ukadunda na kutoka nje nyuma kabisa ya uwanja, kosa ambalo kwa sheria za mchezo huu huwapa wapinzani pointi mbili, na kombe likaenda kwao kumi na nne kwa kumi na tatu.

Mwandishi wa gazeti alimfuata Beddoes akitaka maneno ya kumchoma mwenzake, Beddoes akamjibu, "Mpira ulikuwa mrefu kidogo, na mimi ni mfupi kidogo," akaenda kuoga. Kwenye treni ya kurudi, marehemu alijitenga akaketi behewa la mwisho, Beddoes akamfuata, akaketi mbele yake na kuanza kuchanganya karata.

"Sitaki kucheza, Clayton."

"Nimekuuliza kama unataka?"

Wakacheza karata kuvuka mbuga nzima, na hakuna aliyeutaja mpira.

Fort Carrick haikumpiga mtu wetu mawe, lakini ilimcheka, na kucheka kwa mji mdogo hakuna likizo. Mtu akimrushia mwenzake ufunguo ukapita juu ya kichwa, ilisemwa amerusha Hnatyshak, watoto wakaokota neno hilo bila kujua kwamba ni jina la mtu, na kinyozi Lorne Fitch kila alipomfunga shuka shingoni alimwambia, "Inama kidogo, bwana, hiyo si unaiweza?" Marehemu alicheka nao msimu wote wa baridi, kisha kicheko kikamwishia, na siku moja ya Machi alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kaka yake amempatia nafasi ya kazi mjini Edmonton, na kwamba watahama kabla ya mtoto wa pili kuzaliwa.

Verna alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, hakuinua kichwa.

"Kama tunahama kwa ajili ya kazi, nafunga mizigo leo," alisema. "Kama tunahama kwa ajili ya kinyozi, badilisha kinyozi."

"Wewe hujui wanavyosema."

"Nafundisha watoto wao. Najua wanavyosema kabla hawajasema."

Marehemu akaomba chakula, na habari ya Edmonton haikutajwa tena katika nyumba ile. Mwezi Juni, mazoezi yalipoanza, kocha alimwita kando, akamwambia kwamba baadhi ya wanachama wameomba mtu mwingine apewe kazi ya kumrudishia mpiga teke mipira, na yeye mwenyewe anataka kujua kama Orest bado ataiweza.

"Sijui," marehemu alimjibu. "Nipange, tuone sote."

Kocha akampanga, na akacheza misimu minne zaidi, hadi goti lake la kulia lilipokataa mwaka 1967, akarudi karakana moja kwa moja, akinyoa kwa Lorne Fitch yule yule.

Wapo humu vijana wanaodhani Bukini hawajawahi kuwa karibu na kufa, wasikilize hapa. Baada ya miaka mingi ya kushindwa na ya viti vitupu, alitokea tajiri mmoja wa mashariki akitaka kuinunua timu na kuipeleka katika mji mkubwa wa huko, na Jumapili ya tarehe 19 Februari 1978, baada ya ibada, wanachama waliitwa katika ukumbi wa mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu ili wapige kura, wakaketi na makoti yao juu ya mbao zilizotandikwa kwenye barafu. Mwenyekiti wetu, Bwana Gordon Ashdown, mtu mwema aliyekuwa amechoka, alieleza kwa saa nzima kwa nini hakuna njia nyingine, watu wakatazama viatu vyao, na ikaonekana wazi kwamba timu inakwenda.

Hapo marehemu akasimama. Mtu huyu hakuwa msemaji, kwenye harusi yetu alisema maneno sita, na Verna aliyeketi pembeni yake alituambia baadaye kwamba alidhani anakwenda msalani.

"Mnanijua," alisema. "Mimi ndiye niliyewapotezea kombe."

Mtu mmoja akakohoa, naye akaendelea.

"Timu ingekuwa ya tajiri, asubuhi yake angenifukuza, na angekuwa na haki, mali ni yake. Ninyi hamkunifukuza. Mlinicheka. Mmenicheka miaka kumi na minne, Lorne yule pale hajachoka hadi leo. Lakini Juni ile mlikuja uwanjani, mkaketi, mkanitazama nikiinama tena, na nilisikia jinsi mlivyonyamaza, mlikuwa mnaogopa pamoja na mimi. Mtu akinunua timu hatanunua hilo. Ataondoka na jezi tu. Basi, nimemaliza."

Kutoka safu za nyuma sauti ikasema, "Na bado tutakucheka, Orest."

"Najua," akasema, akiketi. "Ndiyo maana sijahama."

Ukumbi ukacheka, kicheko kirefu kilichokuwa kimekosekana mchana ule wote, na Bwana Ashdown alipoitisha kura, mikono ya kukataa kuuza iliinuka mingi kiasi kwamba hakujisumbua kuihesabu, alivua miwani akaifuta. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuuza supu na keki ili kuichangia timu, wake kwa waume walipaka rangi viti vya uwanja kwa mikono yao, lakini timu ilibaki hapa.

Bukini walichukua kombe la taifa mwezi Novemba 1990, miaka ishirini na saba baada ya lile lililotuponyoka, na klabu ilimwandalia marehemu nafasi katika ndege ya wachezaji, akaikataa, kwa kuwa Verna alikuwa amelazwa na saratani na siku zake zilikuwa zikiisha. Walisikiliza mchezo kwenye redio ndogo kando ya kitanda, yeye akiipunguza sauti ili mgonjwa alale, na mgonjwa akimwambia, "Ongeza, sijafa bado," na filimbi ya mwisho ilipolia walikaa wameshikana mikono, wakisikia honi za magari mjini kote, hadi Verna alipomwambia aende akashangilie na wenzake, naye akasema yuko alipotaka kuwa. Verna alituacha tarehe 8 Januari 1991.

Marehemu alistaafu karakana mwaka 1996, akalima bustani ya viazi na bizari, akahudhuria kila mchezo wa nyumbani, na mwaka 2012 alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa kutetemeka, ambao ulimnyang'anya kwanza mikono, kisha mwendo, na kufikia 2017 akahamia nyumba ya kutunzia wazee. Huko alitembelewa mara nyingi na Tyrell Okimaw, anayecheza katikati ya mstari wetu leo, ambaye yuko humu na ameniruhusu nilisome hili, kwamba baada ya kukosea katika mchezo mmoja mbele ya watu wengi alikwenda kumuuliza, "Mzee, baada ya ile fainali, uliogopa tena?"

"Kila mara," marehemu alisema.

"Ukafanyaje?"

"Niliinama."

Mwezi Septemba mwaka huu alipatwa na homa ya mapafu, akalazwa katika hospitali yetu ya mji, na Jumatano ya tarehe 9 Oktoba 2019, saa kumi na moja alfajiri, Halyna, Leif na Ingrid wakiwa naye, alikata roho kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, ameacha watoto watatu, wajukuu saba na vitukuu wawili.

Familia inamshukuru Daktari Noorani na wauguzi wote waliomgeuza na kumsafisha kwa heshima hadi mwisho, majirani zetu akina Klassen waliozoa theluji mlangoni kwake majira ya baridi yote bila kuombwa, mafundi wenzake wa reli waliolibeba jeneza asubuhi hii, klabu ya Bukini, na akina mama wa parokia walio jikoni sasa hivi, tunaosikia harufu ya vitunguu vyao.

Mwisho, marehemu aliacha agizo moja kuhusu mazishi haya, kwamba yakiangukia siku ambayo Bukini wako nyumbani, yamalizike mapema, watu wale washibe, waende uwanjani, na asiwepo mtu wa kubaki makaburini akijifanya ana huzuni kuliko wengine. Leo wako nyumbani, mchezo unaanza saa tisa, kwa hiyo ninyi mliovaa jezi chini ya makoti mkidhani hatuwaoni, fungueni vifungo, mko sawa kabisa.

Pumzika, baba, pembeni ya Verna wako. Matokeo tutakuletea.