Baraza la Baharini la Marehemu Gaspari Andrea

Ndugu waombolezaji, mimi Derick nasimama kwa niaba ya familia. Baba yetu, Gaspari Andrea, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Iguguno, mtoto wa tatu wa mzee Andrea na bibi Magdalena, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akichapwa kila mara kwa kuchorachora kwenye madaftari ya wenzake.

Mwaka 1984 alihamia hapa Shelui, akawa fundi wa kuandika mabango ya maduka na majina ya malori, na tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Evodia, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Marietha na mimi. Siku ya harusi alimwahidi mama kwamba watakwenda wote kuiona bahari, lakini kila mwaka ulikuja na lake, mvua ikigoma, mtoto akiugua, na safari ikasogezwa mbele.

Mwaka 2019 mwenye hoteli mmoja alimwagiza picha ya baraza la ufukweni, baba akachora viti viwili vilivyotugeuzia mgongo, meza katikati yenye kikombe kimoja, na bahari ya kijivu isiyo na jua, na kwa kuwa maji makubwa aliyoyajua ni ya Ziwa Singidani, lenye magadi na chumvi kandokando, akaitilia bahari ukingo mweupe wa chumvi, madereva wa malori walioijua bahari wakamcheka, na mwenye hoteli akaikataa akisema picha ina msiba, wateja watashindwa kula. Ikatundikwa sebuleni kwetu, mama akaipenda, maana aliambiwa kiti cha kushoto ni chake.

Mwaka 2023 baba alianza kuugua figo, na Mei mwaka huu, alipoona safari haipo tena, aliomba ashushiwe picha, akakifuta kiti cha kulia, chake mwenyewe, kwa rangi ya sakafu, ili mama asibaki akitazama kiti kitupu. Mama alilia, akamuuliza, "Baba Marietha, sasa mimi nitakaa na nani?"  Baba alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotuletea maji na kuni, na mafundi wenzake walioandika jina lake msalabani. Picha ipo pale ukutani, mkono wake ulikuwa umechoka na rangi ikawa nyepesi, ilipokauka kiti kikaanza kuonekana tena, na mama ameagiza kisiguswe.

Lala salama, baba. Kiti chako bado kipo.