Daktari Amejulishwa: Risala ya Wauguzi wa Hospitali ya Githura kwa Mwenyekiti wa Bodi

Imesomwa na Sista Kagwiria, Siku ya Wauguzi, Ijumaa tarehe 12 Mei 1995

Mgeni rasmi, Bwana Mutahi, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Metroni, Daktari Wahome, wazee, akina mama na vijana mliotoka Karatina, Mukurwe-ini na hata Kagio: hamjambo nyote.

Tuliagizwa risala hii iwe fupi na iwe tamu. Ufupi tutajaribu.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umeingia kwa lango jipya, nasi tunakubali kwamba ni lango zuri. Umepita wadini ukaona mashuka meupe kitanda kwa kitanda. Mashuka hayo yalitoka stoo jana saa nane mchana, na gari lako likishaondoka yatarudi stoo. Tunakuambia mapema kwa sababu hatutaki uende nyumbani ukisifu kitu ambacho wagonjwa wetu hawakilalii.

HISTORIA FUPI

Hospitali hii ilianza kama zahanati ya kanisa, chumba kimoja na muuguzi mmoja aliyekuwa akichemsha sindano kwa jiko la kuni. Leo ina vitanda sitini, daktari mmoja na wauguzi kumi na saba. Mpaka mwezi wa Februari tulikuwa kumi na wanane. Huyo wa kumi na nane ndiye sababu ya risala hii.

MAFANIKIO

Tunayo, na hatutayaonea haya. Mwaka mzima umepita bila mgonjwa wetu hata mmoja kupata kidonda cha kulalia. Jambo hilo halikuletwa na mashine. Lililetwa na mikono yetu, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kumgeuza mzee aliyepooza, kumkausha, kumkanda mgongo na kumgeuza tena. Wanaodhani uuguzi ni kubeba sahani na kusema pole, waje washike zamu moja tu.

Tulisomea kazi hii miaka mitatu na nusu. Tulifundishwa kuosha na kulisha, ndiyo, lakini tulifundishwa pia kutazama, kupima, kulinganisha na kuamua. Mgonjwa anaona daktari dakika tano kwa siku. Saa zilizobaki ni zetu. Tusipoamua sisi, kinachoamua ni ugonjwa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kwa kawaida hapa huorodheshwa uhaba wa glavu na bomba za maji zinazovuja. Vyote vipo. Leo tutasema changamoto moja tu, nayo ni Jumamosi ya tarehe 18 Februari, siku ya harambee ya kujenga lango.

Alfajiri ya siku hiyo Daktari Wahome alimpasua mama anayeitwa Kabura, mkulima wa hapa karibu, akamtoa mtoto msichana mwenye afya. Saa mbili daktari akachukuliwa na kamati ya harambee kwenda uwanjani kukaa na wageni. Hatumlaumu sana, aliambiwa kiti chake kisionekane kitupu.

Saa mbili hiyo mapigo ya moyo ya Kabura yalikuwa tisini na mawili kwa dakika. Saa nne yakawa mia moja na manane. Saa sita mia moja ishirini na manne. Presha yake ilikuwa bado nzuri, nasi tukajiliwaza na presha. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kwa mama kijana presha ndiyo ya mwisho kusema ukweli. Mapigo husema kwanza.

Tulifanya nini? Tuliandika. Kila mara, pembeni mwa hesabu ile, tuliandika: "Daktari amejulishwa."

Kwa wasiojua kazi yetu, maneno hayo mawili ndiyo mwavuli wa wauguzi. Ukishayaandika na kutia sahihi, mgonjwa akizidiwa huulizwi wewe. Mara ya kwanza tulimtuma mlinzi uwanjani, akarudi akasema daktari anapokea wageni. Mara ya pili akaambiwa na watu wa kamati angoje hotuba ziishe. Mara ya tatu hatukumtuma mtu. Tuliandika tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi hatutaki kuficha. Aliyeandika saa sita bila kumtuma mtu ni mimi ninayewasomea. Nimetoka kwenye "sisi" kidogo ili mnione.

Saa saba aliingia Sista Watiri kwa zamu ya mchana. Hakuanza na chati. Alimshika Kabura mkono, akauona ni baridi na una jasho.

"Sista, nisaidie na maji," Kabura akamwambia. "Hii kiu ni ya nini? Nimekunywa na haiishi."

Watiri akafunua shuka. Pedi ilikuwa kavu, na sisi asubuhi yote tulikuwa tumefurahia ukavu huo. Akaweka kiganja juu ya tumbo, akakuta limejaa na limekaza. Akavuta kope la chini, ndani kumekuwa kweupe. Akainama kutazama mfuko wa mkojo. Haukuwa umeongezeka tangu saa nne. Dakika tatu, mgeni rasmi. Damu ilikuwa inamwagikia ndani.

Akaniuliza, "Nani amehesabu hii pulse?"

"Ni mimi."

"Na umeona inapanda?"

"Nimeandika, sista. Daktari amejulishwa."

"Ati amejulishwa. Na amekuja?"

Nikamsogezea stendi ya dripu.

Watiri akainua miguu ya kitanda, akafungua dripu ya pili na kuziachia zote mbili zikimbie, akamwekea oksijeni, akachukua damu ya kupimwa kundi. Akamtuma mtu uwanjani kwa mara nyingine, lakini hakumngoja. Bila daktari, chumba chetu cha upasuaji ni chumba tu. Ilibidi Kabura afike Nyeri.

Gari la wagonjwa lilikuwa langoni, injini inanguruma, limejaa sufuria tatu za pilau na moja ya njahi, yale maharagwe meusi, za kupeleka uwanjani. Tunarudia, mtu asije akasema hakusikia: gari la wagonjwa lilikuwa limebeba pilau.

"Sista, hizi sufuria ni za wageni," dereva wetu Peterson akasema. "Kamati imeniambia nisisimame mahali."

"Peterson, huyu mama hana hata saa moja. Shika huko, tushushe."

"Na wakiniuliza?"

"Waambie ni Watiri."

Wakazishusha nyasini. Watiri akamwachia mwenzetu wadi, akapanda nyuma na Kabura, akashikilia dripu kwa mkono wake mpaka Nyeri. Huko walimfungua tumbo, wakakuta mshipa unavuja, wakaufunga, wakampa damu. Daktari aliyempokea aliandika kwamba nusu saa zaidi ingemkuta amekufa njiani.

Kabura yuko hapa. Amekaa safu ya nyuma, na mtoto wake mgongoni. Asubuhi aliambiwa langoni kwamba leo ni siku ya walioalikwa. Sisi ndio tuliomwalika.

Jumanne iliyofuata Watiri alipewa barua ya Bodi. Makosa matatu. La kwanza, kuondoka kazini. La pili, kushusha chakula cha wageni bila idhini. La tatu, kujifanya daktari. Akasimamishwa kazi, akakatazwa hata kukanyaga kiwanja hiki, na mpaka leo yuko kwao anapalilia kahawa ya mama yake, akingoja kuitwa. Hajaitwa. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda ana sababu: hajui kusoma.

Tumekasirika, mgeni rasmi. Tunalisema hivyo hivyo lilivyo. Tunajua wageni walikula saa kumi badala ya saa nane. Tunajua pilau ilipoa. Lakini hakuna mahali katika barua ile palipoandikwa jina la Kabura. Tumeisoma mara nyingi tukilitafuta. Na sisi tuliokaa na mapigo yanayopanda asubuhi nzima, tukiandika, hakuna aliyetupa barua. Makaratasi yetu yalikuwa safi.

Mwezi wa Machi likaja agizo kwamba muuguzi asibadilishe lolote bila sahihi ya daktari. Sasa tunawafundisha wanafunzi wetu nini? Wiki iliyopita mmoja wao, Shiro, aliona mzee anapumua kwa shida. Alisimama kando ya kitanda, mkono umefika kwenye oksijeni, akanigeukia. "Sista, nikifungua hii nitafutwa?" Mtoto wa watu ana miaka ishirini na ameshajifunza kuogopa kabla ya kujifunza kazi. Nilifungua mimi, na kama ni kosa, liongezwe kwenye faili yangu.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi tisa. Tumeyafuta manane. Tumebakisha moja: Sista Watiri arudi kazini Jumatatu, kwa cheo chake, na barua ile itolewe katika faili yake.

Kama Bodi inaona lazima mtu aadhibiwe kwa yaliyotokea siku ile, sisi kumi na saba tumeandika, kila mmoja kwa mkono wake, alichofanya na alichoacha kufanya tangu saa mbili hadi saa saba. Karatasi yangu iko juu. Bodi itakuwa na kazi ya kutosha.

Tunafahamu jibu la kawaida ni kwamba jambo limepokelewa na litafikishwa mahali panapohusika. Tunakuomba kwa heshima usitupe jibu hilo. Hilo ndilo jibu tulilompa Kabura mara tatu.

Mgeni rasmi, muuguzi akijua daktari anakuja, humwandalia trei. Kila kitu kinapangwa, ili yeye anyooshe mkono tu. Nasi leo tumekuandalia. Mezani mbele yako kuna barua ya kumrudisha Watiri. Imepigwa chapa, Metroni ameisoma, na kilichobaki ni sahihi yako. Kalamu iko kulia. Chai iko tayari, na hatutaimimina kwanza.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe miaka mingi na mavuno mema. Na siku utakapolazwa, kwa maana hakuna mtu asiyeweza kulazwa, akupe muuguzi asiyeogopa kufutwa kazi.

Ni sisi,
Wauguzi kumi na saba wa Hospitali ya Githura, na mmoja aliyekatazwa kuingia.