Benedetta Ajiko Hakuugua kwa Muda Mfupi

Padre, wazee wa Busibwabo, ndugu zetu mliotoka Angurai na wenzetu wa Malaba, hamjambo. Mimi ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa. Nimesimama kuwasomea maisha yake jinsi yalivyokuwa.

Marehemu Benedetta Ajiko alizaliwa Angurai tarehe 2 Machi 1979, mtoto wa tatu wa mzee Ejoku na mama Wilkister. Alikuwa mtoto wa kelele, hata kuku wa jirani walimkimbia. Mwaka 1988, akichunga mbuzi, alianguka mara ya kwanza. Tuliambiwa ni mapepo, akazungushwa kwa waganga na kwenye maombi mpaka ng'ombe wa baba wakaisha.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Angurai. Akiwa darasa la sita alianguka gwarideni, wanafunzi wakatimua mbio, na baba akaitwa amchukue. Jumatatu akarudi. Walimfukuza tena, naye akarudi tena, mpaka walimu wakachoka. Mwaka 1994 alifanya mtihani wa darasa la nane akapita. Miaka miwili baadaye, sista mmoja muuguzi kule Nangina alimweleza kwamba ana kifafa, ugonjwa wa ubongo, na kwamba una vidonge. Miaka yote hiyo, jamani, hakuna aliyekuwa amemwambia!

Mwaka 2003 alifungua hoteli Malaba, karibu na foleni ya malori, akipika ugali wa wimbi na samaki. Mshindani wake akavumisha kwamba ukila pale utaambukizwa. Ajiko alitoa sahani yake jikoni, akawa anakula katikati ya wateja.

"Anayeogopa ahame meza," aliwaambia. "Mimi nimeshaketi."

Madereva walicheka, wakabaki. Wasichana wake wa kazi aliwafundisha wamlaze ubavu akianguka, wasimtie kijiko mdomoni, wasogeze sufuria, halafu waendelee kupakua kwa sababu watu wana njaa.

Ni pale hotelini Josiah Ogutu, fundi wa magurudumu, alipompata. Watu walimwonya sana. Aliwajibu kwamba yeye anakoroma na hakuna aliyemwonya Ajiko. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 2006, akahamia kwake hapa Busibwabo.

Sasa ugonjwa. Kwenye karatasi mlizoshika, kamati imeandika kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Shemeji Paulinus, mwenyekiti wa kamati, alinisihi nisome hivyo ili watoto wasiaibike. Nimekataa. Dada yangu aliugua kifafa miaka thelathini na saba. Akipata vidonge, alikaa hata mwaka mzima bila kuanguka. Vikikosekana kwenye zahanati, alivuka upande wa Uganda kuvitafuta. Mwaka huu vilikosekana huku na huku. Daktari wa ubongo tuliyeelekezwa kwake yuko Eldoret, na tulikuwa bado tunapanga safari alipoanguka jikoni tarehe 14 Agosti 2025. Degedege halikukatika, akafia njiani kwenda hospitali. Alikufa kwa kukosa dawa, basi. Kama kuna wa kuona aibu hapa, si watoto wake.

Jana kaburi lilichimbwa kule kwenye mpaka wa shamba, eti ugonjwa usirudi nyumbani. Asubuhi ya leo Josiah alilifukia mwenyewe, akaanza kuchimba hili mnaloliona, mbele ya mlango wake. Lilipofika magotini, shemeji Paulinus alivua koti akaingia kumsaidia. Shemeji, kwa hilo asante.

Ameacha mama yetu Wilkister, ndugu zake sita, mume wake Josiah, na watoto wao wawili, Naliaka wa kidato cha pili na mdogo wake Ekisa wa darasa la saba. Naliaka amenituma niwaambie kwamba yeye pia ana kifafa, na Jumatatu anarudi shuleni.

Ajiko wetu apumzike kwa amani hapa mlangoni, tuwe tunampita tukiingia na tukitoka.